Bakuli la mti likipasuka, usilitupe

Bakuli langu la kwanza la Hawaii nililipasua mwenyewe. Nilikuwa na miezi minne tu Honolulu. Usiku nikaliloweka kwenye sinki kama sufuria iliyogandiwa na ugali, asubuhi nikalianika barazani kwenye jua kali. Mchana nikasikia kah! Ufa umeshuka kutoka ukingoni hadi karibu na kitako, ukucha unapita.

Nilikuwa nalipeleka pipani jirani yetu aliponiona. Ni mama mtu mzima, tunamwita Anti kama wanavyoitwa wakubwa wote huku. Akalichukua, akaligonga kwa kidole kama anayechagua tikiti, akanivuta hadi jikoni kwake. Kule juu ya kabati kulikuwa na ʻumeke, bakuli la poi (uji mzito wa magimbi) la bibi yake, lina viraka vitano. Hakuna aliyejaribu kuvificha.

Kiraka chenyewe kinaitwa pewa, maana yake mkia wa samaki. Ncha zake mbili ni pana, kiuno chembamba, na kinachomekwa kwa kukatiza ufa ili usizidi kufunguka. Angalia nyuzi za mti: za kiraka zipite kukingama na ufa. Zikienda sambamba nao, kiraka kinavunjika kiunoni. Mimi nilikosea mara mbili. Na subiri bakuli likauke kabisa kivulini kwanza. Wahawaii wa zamani walithamini bakuli lenye viraka vizuri kuliko lisilo na kovu.

Kama ndiyo kwanza unanunua, uliza mti. Madukani watakuonyesha la mti wa koa, linang'aa kama kioo. Weka matunda humo. Kwa poi wazee waliliepuka kwa sababu koa huachia chakula uchungu. Walichonga kwa tezo miti ya kou, milo na kamani. Kamani ndiyo mtondoo wetu wa pwani, nami nilicheka kuusikia huku mbali. Hata hiyo haikutumika siku ileile: bakuli liliwekwa maji au maganda ya magimbi hadi ladha ya mti iishe, ndipo likasuguliwa na kupakwa mafuta ya kokwa za mti wa kukui. Usipake ya alizeti, yatachacha na bakuli litanuka. Baada ya kula, maji ya uvuguvugu na kitambaa, kisha lifudikize mahali pasipo jua.

Poi ni magimbi yaliyopikwa (yaive hasa, koo lisije likawasha) yakapondwa juu ya ubao wenye bonde kidogo, papa kuʻi ʻai, kwa jiwe zito lenye mpini. Mtu aliyezoea kinu na mchi atainua jiwe juu kwa nguvu. Usifanye hivyo, mabega yatakuuma wiki nzima. Liache lianguke kwa uzito wake, na ulilowanishe kitako mara kwa mara lisinate. Maji kwenye magimbi yenyewe ni baadaye, kidogo kidogo. Kuuza yaliyopondwa namna hii kulikuwa na matatizo na kanuni za afya hadi sheria ya jimbo ilipolegezwa mwaka 2011.

Tulilizindua bakuli langu kwa poi ya Anti. Mume wangu akaanza habari ya kodi ya nyumba, Anti akamwekea kidole mdomoni. Bakuli la poi likishafunuliwa, hakuna kugombana.