Mwalimu Amesema Tulete Mbuzi

SWALI: Nimehamia Mombasa juzijuzi kutoka bara. Binti yangu wa gredi ya 6 ameleta karatasi kutoka shuleni: kila kikundi kije na nazi 1, mchele vikombe 2 na mbuzi 1. Nimeuliza bei ya mbuzi, nimechoka. Hivi watoto hawa watachinja wenyewe? – Baba, Changamwe

JIBU: Ndugu yetu, rudisha pesa mfukoni. Mbuzi huyo hali majani. Ni kigoda cha kukunja chenye ulimi wa chuma wenye meno, cha kukunia nazi. Bisha hodi kwa jirani, utaazimwa.

Somo hili la kupika wali wa nazi tunaliunga mkono kwa moyo wote, ila kuna dosari: mtoto mmoja hukuna, wenzake saba wakaandika hatua daftarini. Kukuna hakuingii kwa kalamu. Mwombe mwalimu kila mtoto apate zamu, na binti afanye mazoezi nyumbani.

Achague nazi iliyokomaa. Dafu, yaani nazi changa, na koroma, ambayo haijakomaa sawasawa, hazina tui (maziwa ya nazi) la maana. Aitikise asikie maji, kisha atazame macho yake matatu: yakiwa na unyevu au ukungu, aiache. Aishike juu ya bakuli na kuigonga katikati kwa mgongo wa kisu kizito, huku akiizungusha, mpaka ipasuke vizio viwili. Akalie mbuzi, ashike kizio kwa mikono miwili, vidole vyote nje ya kifuu, akune kuanzia ukingoni kwenda ndani. Wengi huanzia katikati, wakafikia ngozi ya kahawia upesi, na tui likatoka na rangi ya vumbi.

Nazi iliyokunwa aitie kikombe 1 cha maji vuguvugu, aikamue kwa kifumbu au chujio: hilo ni tui zito, aliweke kando. Machicha yale yale ayatie maji vikombe 2, akamue tena apate tui jepesi. Hili ndilo la kuchemsha kwanza, na chumvi kijiko kidogo 1, kisha mchele uliooshwa. Likikaribia kukauka, amimine tui zito, ageuze mara moja tu, afunike, apunguze makaa chini na kupalia machache juu ya mfuniko. Dakika 15 hadi 20. Wali ukiwa bokoboko, mwiko ulizidi. Ukiungua, makaa ya chini hayakupunguzwa.

SWALI: Kijana wangu wa sekondari anakokotoa ampea vizuri, lakini pasi ikikataa kuwaka ananitazama mimi. Aanzie wapi? – Mama, Tudor

JIBU: Aanzie kwenye hesabu yake, mama. Pasi ya wati 1,200 kwa volti 240 huvuta ampea 5, kwa hiyo fyuzi ya ampea 3 haiwezi kudumu. Achomoe plagi ukutani kwanza, aifungue, aweke fyuzi ya ampea 13. Kamwe asiizungushie fyuzi karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara: hapo hakuna kinachokatika, waya ndio utakaoungua.

Plagi ikiwa wazi, akague nyaya: kahawia upande wa fyuzi, buluu upande wa pili, kijani na manjano kwenye jino kubwa la juu. Kibano kishike ganda la nje la waya, la sivyo ukivutwa utang'oka. Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, hitilafu imo ndani ya pasi au kwenye waya wake; ampelekee fundi.