Gari Inawaka Sekunde Mbili Inazima: Maswali Yenu Kuhusu Imobilaiza

SWALI: Shikamoo mzee fundi. Niko Mwanga hapa Kigoma, nina RAV4 ya ufunguo wa kuchomeka. Ijumaa nimetoka nayo Ujiji vizuri tu, nikapaki nyumbani, nikabadilisha kava ya ufunguo manake ile ya zamani vitufe vilishatoboka, jioni nawasha inawaka kama sekunde mbili alafu inazima. Fundi wa kwanza kabadilisha plagi na pampu ya mafuta, wapi. Wa pili kasema kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa nitafute laki nane. Rimoti inafungua milango fresh kabisa kwa hiyo ufunguo ni mzima, ila kuna taa nyekundu yenye picha ya gari na ufunguo inablinki muda wote. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo laki nane usiitoe. Kwanza katafute ile kava ya zamani, hata kama umeshaitupa nenda kaichambue huko huko jalalani.

Hapo kwenye rimoti ndipo wengi wanapopotea. Ndani ya ufunguo wako kuna vitu viwili ambavyo havitegemeani kabisa. Kuna saketi ya rimoti yenye kabetri kake, kazi yake milango tu basi. Alafu kuna chipu, kadude keusi kadogo kuliko punje ya mahindi, hakana betri, na mara nyingi kamebandikwa kwenye plastiki pembeni mbali na saketi. Ukichomeka ufunguo, ile ringi ya waya iliyozunguka tundu la swichi inaipa chipu umeme kidogo hewani bila kuigusa, chipu inaamka inataja namba yake, gari ikiitambua inaruhusu mafuta na moto wa plagi. Isipoitambua inakata, na huo ulinzi ndo unaitwa imobilaiza. Toyota nyingi zinakuachia sekunde moja au mbili ndo zinakata, kuna gari zingine hata stata hazipigi. Sasa wewe umebadilisha kava, saketi ikahamishwa, chipu ikabaki kwenye kava ya zamani. Rimoti lazima ifanye kazi, na gari lazima izime. Plagi na pampu hazikuwa na kosa lolote, na inaniuma sana mtu kununuliwa pampu mpya wakati taa ya ulinzi inablinki mbele ya macho ya fundi.

Hiyo taa isome hivi. Ufunguo ukiwa nje inablinki, hiyo ni kawaida, ndo ulinzi wenyewe. Ukichomeka na kufungua swichi inatakiwa izime. Ikiendelea kublinki au ikibaki imewaka, gari haijakubali ufunguo. Ikizima vizuri na gari bado haiwaki, hapo sawa, rudini kwenye mafuta, plagi na mengine.

Ukiipata kava ya zamani, ishikilie karibu kabisa na tundu la swichi huku unawasha na ufunguo mpya. Ikiwaka ikatulia, jibu umelipata, chipu itolewe taratibu ihamishiwe kwenye kava mpya, isibanwe na koleo manake ikipasuka imekufa hiyo. Kama una ufunguo wa akiba jaribu nao pia, na utoe ufunguo kwenye mkungu wa funguo zingine, chipu ya gari nyingine au ringi kubwa ya chuma ikikaa jirani inaweza kuvuruga usomaji.

Ikigoma hata hivo ndo mwite mwenye mashine ya kupima, lakini muulize kabisa kama mashine yake inasoma kodi za bodi, yaani namba za hitilafu za mifumo ya umeme ya gari kama huu ulinzi, siyo za injini tu. Vile vimashine vidogo vya bluetuthi mara nyingi vinasoma kodi za injini tu, vitakwambia gari haina tatizo. Kwenye Toyota B2793 inaelekeza kwenye chipu, B2795 maana yake ufunguo umesomeka ila haujasajiliwa, B2799 ni matatizo kati ya imobilaiza na kompyuta ya injini, na hata hapo unaanza na fyuzi, soketi za waya na waya wenyewe kabla hujataja kontroo boksi. Ringi ya swichi nayo inakufa, ikiwa imekufa funguo zote mbili zitakataliwa. Akikwambia boksi imekufa mwambie akuonyeshe kodi.

SWALI: Habari za kazi mzee. Nzega hapa, X-Trail ya zamani. Betri ililala, nikawa najaribu jaribu kuwasha na ufunguo niliochongewa mtaani, mara nyingi tu. Sasa jirani kanibustia, stata inapiga kwa nguvu lakini hata ule ufunguo original hauwashi. Nimeiua?

JIBU: Hujaiua kijana wangu. Huo ufunguo wa kuchonga ni bati tu, chipu yake haijasajiliwa, au haina kabisa. Hizi Nissan zenye NATS, yaani imobilaiza ya Nissan, ukizijaribu mara 5 mfululizo na ufunguo zisioujua zinajifunga, kodi yake P1610, na zikishajifunga hata ufunguo halali zinaukataa.

Kuifungua hakuhitaji hela. Hakikisha kwanza betri imechajiwa kweli kweli, ikiwa imetulia isome karibu na volti 12.6, manake umeme ukishuka sana wakati wa stata kompyuta zinashindwa kuongea na utadhani ni ulinzi kumbe betri. Alafu chukua ufunguo original, fungua swichi mpaka ON usipige stata, subiri sekunde 5, zima, subiri 5 tena. Fanya hivo jumla mara tatu ndo upige stata. Ikigoma pima kodi: P1614 ni mawasiliano kati ya ufunguo na imobilaiza, P1612 ni kati ya imobilaiza na kompyuta ya injini.

SWALI: Mimi wa Urambo. Gari nimenunua kwa mtu ikiwa na ufunguo mmoja, fundi umeme ananishauri aitoe imobilaiza yote ili nisisumbuke mbeleni. Unaonaje?

JIBU: Nakataa kabisa. Gari inawaka vizuri, anataka akate waya za nini? Akishaikwepa, mtu yeyote mwenye bisibisi anaondoka nayo, na siku ukipata shida ya umeme hakuna fundi atakayeelewa waya zilizoungwaungwa zile. Hela hiyo tumia kusajili ufunguo wa pili sasa hivi ukiwa na huo mmoja mkononi. Kwenye Toyota za ufunguo wa kuchomeka angalia kama ni masta, yaani ufunguo mkuu unaoweza kusajili mwingine, ule wa kijivu wa akiba unawasha gari lakini hauwezi kuongeza ufunguo mwingine. Ukipoteza zote ndo utaanza kumtafuta mtu wa kufungua kompyuta na kuandika upya kumbukumbu yake, na hao kwa Urambo sijui utampata wapi, mara nyingi gari inapakiwa kwenye lori kupelekwa mjini. Nenda na kadi ya gari na kitambulisho chako, fundi wa funguo asiyekuuliza hivo vitu mwogope.

Na kama gari ilitoka Japani kagua kwanza kama imobilaiza ipo, gari nyingi za kule hazikuwekewa. Za Uingereza ni tofauti, kuanzia Oktoba 1998 gari ndogo mpya zililazimishwa ziwe nayo.

SWALI: Fundi, niko Kasulu, Toyota ya kitufe, inaandika ufunguo haupo na ninao mfukoni!

JIBU: Betri ya rimoti imeisha. Kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia upande wenye nembo, ikilia tu bonyeza hapohapo. Itawaka. Alafu fungua rimoti usome namba iliyoandikwa kwenye betri, ununue hiyo hiyo.