Wasomaji Wanauliza: Uchovu wa Kazi, Mashine ya Kufulia na Kelele za Birika

Ndugu Mhariri, mimi ni mhasibu katika kampuni binafsi, na huu ni mwaka wa tatu sijaenda likizo. Hata nikilala Jumamosi na Jumapili yote, Jumatatu naamka nimechoka vilevile, na wateja niliokuwa nikiwahudumia kwa furaha sasa wananikera kabla hawajafungua mdomo. Mama mkwe anasema huu ni uvivu. Je, ni kweli?
Mhasibu, Dar es Salaam

Mvivu hakai miaka mitatu bila likizo. Kwa hiyo, kwa heshima zote kwa mama mkwe wako, sikubaliani naye. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali kama yako kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kuiona kama haikuhusu, na kupungua kwa ufanisi. Shirika hilo halikuiita ugonjwa, bali hali inayotokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa, na kwa maoni yangu hilo lina uzito, kwa kuwa wa kuulizwa kwanza ni aliyeipanga kazi, si aliyechoshwa nayo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania Bara likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, yenye malipo, na kwa wafanyakazi wengi inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Likizo, basi, si fadhila ya bosi. Hata hivyo, siku hizo 28 hazitakufaa sana iwapo utarudi na kuikuta meza ileile yenye kazi za watu wawili. Kwa wiki mbili, andika kila kazi unayoifanya na saa inazokula, kisha umpelekee mkuu wako karatasi hiyo, kwa maana malalamiko hupuuzwa kirahisi kuliko hesabu, na hesabu ndiyo fani yako. Kabla ya hapo umwone daktari, kwani upungufu wa damu na sonona nazo humchosha mtu namna hiyohiyo.

Mke wangu anarudi kazini amechoka, kisha anafua nguo za watu sita. Nataka kumnunulia mashine ya kufulia, ila naogopa itamaliza uniti za LUKU. Unashaurije?
Baba wa watoto wanne, Morogoro

Nunua, lakini chunguza maji kabla ya umeme. Mashine inayofanya kila kitu yenyewe huhitaji maji yanayotoka bombani kwa nguvu ya kutosha. Mahali penye mgao, ile yenye mapipa mawili, ambayo unaweza kuijaza kwa ndoo, haitakusumbua. Kuhusu uniti, moja ni sawa na kifaa cha wati 1,000 kuwaka kwa saa nzima, na kinachokula umeme mwingi katika mashine hizi ni kupasha maji moto, si kuzungusha nguo. Fueni kwa maji baridi, na huenda pasi ikawagharimu kuliko mashine.

Kuna jambo hukuliuliza, nami nitalisema hata hivyo. Mashine haianiki, haianui, haikunji wala haipigi pasi. Kazi hizo zote zikibaki kwa mama, utakuwa umempunguzia sugu za vidole tu. Katika nyumba ya watu sita, mikono ya kuanika haiwezi kukosekana, yako ikiwamo.

Kwa nini birika la umeme hupiga kelele nyingi, kisha hutulia maji yanapokaribia kuchemka?
Mdadisi, Tanga

Sehemu ya chini hupata moto kwanza, na hapo huzaliwa mapovu ya mvuke. Yanapopanda hukutana na maji ambayo bado hayajapata moto wa kutosha, mvuke hurudi kuwa maji, na kila povu hujifunga ghafla kwa kishindo kidogo. Vishindo hivyo vikiwa maelfu, ndiyo hiyo kelele. Maji yote yakishapata moto, mapovu hufika juu yakiwa mazima na sauti hugeuka mtokoto mzito wa taratibu. Kwa hiyo mpika chai hana haja ya kufunua kifuniko: akisikia kelele imeshuka, aandae majani.