Kama washuku waibiwa kwenye poka ya nyumbani, usimkabili mtu bado

Ndugu yangu wa Bamburi, nimeisoma habari yako mara mbili. Wacheza poka kila Jumamosi nyumbani kwa mtu, kuingia ni elfu tano, wiki sita mfululizo watoka mikono mitupu, na kuna jamaa mmoja kila akigawa yeye karata zile nzuri zamuangukia yeye, sasa wauliza umwambie mbele ya watu au umvute kando. Mimi nakwambia Jumamosi hii usifanye lolote kati ya hayo mawili. Nasema hivi kwa sababu nshawahi kusimama mezani nkamwita mtu mwizi na sie aliyekuwa akituibia, na hilo jambo mpaka leo lanikaa kooni.

Ilikuwa nyumba moja Kizingo, Mombasa, ghorofa ya tatu, tukicheza kila Ijumaa usiku. Watu saba, mara nane, wengi wetu wa klaringi, kazi ya kutoa mizigo bandarini, na wengine wana maduka Mwembe Tayari, hakuna mgeni hata mmoja, ndo maana hakuna aliyekuwa akiangalia. Nliingia 2017 na mwaka wa kwanza nlikuwa leo nashinda kesho napoteza, kawaida tu, mwaka wa pili nikawa napoteza tu. Mezani alikuwepo mzee mmoja wa Mji wa Kale, sote tukimwita Ami, mtu wa heshima zake. Sasa Ami alikuwa akizishika karata kwa namna ambayo mimi ilinikera, vidole vitatu ubavuni na kidole cha shahada kimepinda mbele ya pakiti, na nlikuwa nishatizama video kwenye intaneti zasema huo ndo mshiko wa wezi wa karata manake unarahisisha kutoa ya chini badala ya ya juu, au ya pili huku ya kwanza wajiwekea. Basi usiku mmoja Ami kagawa yeye, kashinda na ree tatu, yaani karata za A, poti (pesa zote zilizowekwa dau) ya elfu kumi na nane, na nusu ya hizo pesa zilikuwa zangu.

Nkasimama nkamwambia, "Ami, wewe wagawa za chini."

Meza nzima kimya. Yule mzee hakunipandishia sauti. Akainua mkono wake wa kushoto akanionyesha, kidole cha shahada hakinyooki, kilivunjwa na kamba ya jahazi alipokuwa kijana na kikaunga vile vile kimepinda, hivyo ndivyo anavyoshika kila kitu hata kikombe cha kahawa. Miaka yote hiyo nimekaa naye sikuwahi kuona. Akazihesabu chipu zake, akachukua pesa zake kwenye kopo, akamuaga kila mtu kwa jina, hata mimi, akatoka. Hakurudi tena. Na sisi tuliobaki tukaendelea kucheza, na mimi nkaendelea kupoteza.

Hapo ndo nlipoanza kufikiri vizuri. Jambo la kwanza nlilojifunza ni kwamba "anashinda sana akigawa yeye" si ushahidi, ni hisia ya mtu aliyepoteza. Chukua ree mbili za mkononi, zile karata mbili za kwanza unazogawiwa, mtu mmoja huzipata mara 1 kwa kila mikono 221, mkono ni mgao mmoja, yasikika kama muujiza, lakini mkiwa watu saba basi mmoja wenu huzipata kama kila mikono 32, na usiku mzuri wa mikono 150 ina maana ree mbili zatokea mara nne au tano pale mezani. Akili yako inakumbuka zile zilizokuumiza tu. Hata hizo wiki sita zako, tuseme kila Jumamosi ilikuwa nusu kwa nusu, kupoteza sita mfululizo ni mara 1 kwa 64. Ni mkosi, lakini mkosi wa kawaida, na kama kuna wachezaji wazuri kuliko wewe pale si nusu kwa nusu hata kidogo. Sikutukani, hilo lazima uliweke mezani kwanza kabla hujamuwekea mtu neno ambalo halifutiki.

Kwa hivyo nkaacha kuangalia nani ashinda na karata gani, nkaanza kuangalia pesa zatoka kwa nani zaenda kwa nani. Kila nikienda msalani naandika kwenye simu, nani kagawa, nani alikata pakiti baada ya kuchangwa, poti zote za juu ya elfu tano zilienda wapi na nani alitupa karata mapema. Ijumaa tatu tu. Nkaona kitu ambacho mwaka mzima kilikuwa mbele ya macho yangu, kulikuwa na mtu na shemeji yake pale mezani na hawa wawili walikuwa hawapigani. Mmoja akiweka dau kubwa mwenzake atupa, hata kama dakika moja nyuma alishaweka elfu mbili zake mle. Na mtu wa tatu akiingia kati yao, yuko katikati kama nguo kwenye mashine, huyu aongeza, yule aongeza tena, huyu aongeza tena, mpaka wewe wa katikati ama unalipa kipofu ama unatupa. Ukishatupa tu, basi, vita vyote vimekwisha, wagonga meza wagonga meza, yaani hakuna anayeongeza dau, mpaka karata ya mwisho, halafu mmoja atupa karata zake kifudifudi "aah umenishinda" bila kuonyesha. Hicho kitu cha mwisho kikae kichwani mwako, manake hakuna mtu anayepandisha dau mara tatu kisha akaridhika kutoonyeshwa kilichomshinda.

Na ishara zao zilikuwa ndogo kiasi kwamba huwezi kumwambia mtu ukaaminika. Yule shemeji aliweka chipu moja juu ya karata zake, kila mtu hufanya hivyo, lakini chipu ikiwa katikati ni jozi, ikiwa kwenye kona ni ree au basha, ile karata ya mfalme. Nlihakikisha kwa kungoja zile mara chache alipolazimika kufunua mwishoni. Sio karata kutoka chini, sio mkono wa ajabu. Ni watu wawili kwenye mfuko mmoja, na hiyo ndo aina ya wizi iliyo nyepesi kuliko zote kwa meza za nyumbani, haihitaji ufundi wa vidole wala vifaa.

Sasa huyo jamaa yako wa kugawa. Yawezekana kweli anachezea, sikatai. Lakini una njia za kumzuia bila kumtaja. Nenda na pakiti mbili mpya zilizofungwa, za plastiki, rangi mbili tofauti, sema tu zile za zamani zimechoka. Kabla ya hapo zishike zile za zamani, zipitishe haraka kwa kidole gumba ukiutazama mgongo wake kama unavyopitisha kurasa za kitabu, karata zikiwa safi maua ya mgongoni yatulia, zikiwa na alama utaona kitu kinachezacheza. Angalia kona pia, alama ya ukucha au kona iliyokunjwa kidogo kwenye ree na mabasha. Halafu omba kila baada ya saa moja karata zitandazwe mezani zivurugwe kwa mikono miwili kabla ya kuchangwa, hata mtoto ajua kufanya hivyo na mtu aliyezipanga yote yamepotea. Karata ya chini ifunikwe na jokari ili za chini zisionekane wala zisitoleke kirahisi. Simu yoyote iliyolala kioo juu karibu na mgawaji iondoke, kile kioo kinaonyesha kila karata inayopita juu yake, hii nimeiona kwa macho yangu nyumba nyengine kabisa, kule Mtwapa.

Kisha tazama anayekata. Kwa kawaida hukata yule wa kulia kwa mgawaji. Kama huyo wa kulia kila mara ni rafiki yake, kukata hakuna maana, manake anakata pale pale palipokunjwa na karata zarudi zilivyokuwa. Omba mpige kura ya viti kila saa mbili. Ukiona baada ya mambo haya bahati ya mtu imekufa ghafla, ama yeye mwenyewe aanza kununa na kusema mchezo umekuwa polepole, ushapata jibu lako na hakuna mtu uliyemvunjia heshima. Ukiona bahati yake iko vile vile, pia ushapata jibu.

Na kopo la pesa, ndugu, kopo! Watu wanatazama vidole vya mgawaji huku wizi wenyewe uko kwenye hesabu. Kule Kizingo kulikuwa na jamaa akipewa chipu kwa deni na mwenye nyumba, sisi sote tumetuma M-Pesa yeye hajatuma, akishinda anachukua pesa zetu taslimu, akishindwa "ntatuma kesho," na kesho yenyewe haikuwahi kufika, halafu mwisho wa usiku pesa hazitoshi twaambiwa kuna mtu alihesabu vibaya. Dawa yake ni karatasi moja mezani, kila anayenunua chipu aandikwa mbele ya wote, saa ngapi na ngapi, na hakuna chipu bila ujumbe wa M-Pesa au noti. Akikataa mwenye nyumba karatasi hiyo, usicheze tena hapo, hilo halihitaji uchunguzi.

Haya ya mashine na lenzi za macho, najua mtu atayaleta. Ni kweli yapo, Oktoba 2025 waendesha mashtaka wa New York walitangaza kesi dhidi ya watu 31 kwa madai ya poka zilizopangwa, mashine za kuchanga zilizochezewa, lenzi maalum, hata meza ya kusoma karata zikiwa zimelala. Lakini hizo ni meza za matajiri. Meza ya elfu tano Bamburi hakuna atakayenunua lenzi, atamleta shemeji yake.

Ukiwa na hakika, ondoka tu. Maliza mkono, hesabu chipu, sema kesho una kazi mapema, nenda. Usiseme saa nane usiku watu wameshakunywa. Zile pesa usizifuate, na usikae "uzirudishe" kwa kuwa sasa wajua mbinu yao, mimi nlijaribu wiki mbili na nkaongezea hasara. Polisi pia usiwategemee, nyumba ya kamari isiyo na leseni ni kosa tangu sheria ya 1966 na ile mpya ya 2025 nayo yataka leseni, ukienda kushtaki wajieleza na wewe. Wala usiandike majina kwenye grupu la WhatsApp. Mwambie mtu mmoja unayemuamini pale mezani, muonyeshe ulivyoandika, muache atazame mwenyewe Jumamosi mbili bila wewe. Mie nlifanya hivyo, mwenzangu akaona, naye akaacha, meza ikafa yenyewe ndani ya miezi miwili.

Kwa Ami nilienda. Nlimkuta barazani asubuhi, nkamuomba radhi, akanisikiliza mpaka mwisho kisha akaniambia, "Ulinishuku mbele ya watu, waja kuniomba radhi peke yangu." Ijumaa iliyofuata nkaenda Kizingo kwa mara ya mwisho, sikucheza, nkasimama pale pale nlipokuwa nimesimama siku ile nkawaambia wote kwamba Ami hakuwahi kuniibia hata shilingi na mimi ndo niliyekosea. Habari ilimfika, nilijua manake alinipigia simu. Lakini karata hajashika tena, na ilikuwa ndo starehe yake ya pekee tangu mkewe afariki.

Kwa hivyo kabla hujaamua chochote hebu nijibu mambo mawili: huyo jamaa akigawa, anayekaa kulia kwake na kukata ni nani, na kopo hushikwa na nani?