Sauti kwanza, damu baadaye

Umeuliza kama simu moja na marafiki wanne wanatosha kutengeneza filamu ya kutisha. Wanatosha kabisa. Mwongozaji Oren Peli alipiga filamu ya kutisha ya Paranormal Activity ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa siku 7 na takribani dola 15,000 tu, na mlango unaojisogeza wenyewe huku watu wamelala ulitosha kuwatoa watazamaji jasho.

Pesa kidogo mliyo nayo iwekeni kwenye sauti. Picha yenye giza mtu ataivumilia, tena itamtisha zaidi, lakini maneno asiyoyasikia yatamfanya azime. Mkipata simu ya pili, itumieni kurekodi sauti karibu na mwigizaji, na gonganisheni viganja mara moja mwanzoni mwa kila shoti ili kuoanisha sauti na picha wakati wa kuhariri. Kabla ya kuondoka, rekodini dakika moja ya ukimya wa chumba hicho. Utawasaidia sana kuziba mapengo ya sauti wakati wa kuhariri.

Mwanga: tochi moja, ipigwe kutoka pembeni. Damu: sharubati nzito ya sukari, rangi nyekundu ya chakula, kakao kidogo. Na tafadhali, majirani waambieni mapema. Mayowe ya usiku wa manane huwaleta watu mbio.