Vihisi vya shambani: laini ya simu au mtandao wako mwenyewe?

Ndugu, umeuliza kama ununue vihisi vya unyevu wa udongo vyenye laini ya kampuni ya simu au ujijengee mtandao wako. Kabla ya kununua chochote, tembea shamba zima ukiwa na simu mkononi uangalie mawimbi, hasa bondeni na chini ya miti. Wauzaji wengi hukimbilia bei ya kifaa, hilo wakalinyamazia.

Mawimbi yakiwa mazuri, iulize kampuni kama inatoa NB-IoT, yaani huduma ya mtandao wa simu iliyotengenezwa kwa vifaa badala ya watu. Viwango vyake vilikamilishwa na 3GPP, muungano wa kimataifa unaoweka viwango vya mitandao ya simu, mwaka 2016 kwa ajili ya vifaa vinavyotuma data kidogo sana. Betri huweza kudumu miaka, kwa kuwa kihisi hulala muda mwingi na kuamka kutuma tarakimu chache tu. Vya 2G vinakula betri zaidi, na nchi kadhaa zimeshaizima 2G. Usije ukabaki na vyuma chakavu.

Mawimbi yakikatikakatika, mimi ningechagua LoRaWAN, teknolojia ya redio ya masafa marefu unayoweza kujijengea mwenyewe: kituo kimoja juu ya mlingoti mrefu hufikia kilomita kadhaa mahali pa wazi, bila kulipia laini kwa kila kihisi. Kampuni ya simu utaihitaji pale kituoni tu, kupeleka data kwenye intaneti.

Halafu mkataba: data ni ya nani, na ukihama utaondoka nayo? Wakuandikie. Anza na vihisi viwili au vitatu kwa msimu mmoja, huku ukivilinganisha na udongo uliouchimba na kuufinyanga kwa mkono wako.