Ukianza kazi kwenye injini ya mvuke, maji kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye injini za zamani za treni za mvuke, najua wengi mmekuja kwa ajili ya filimbi na ule moshi mweusi, mi pia nilikuja hivo hivo. Miezi ya kwanza sikugusa hata koleo, ni tambara na oili tu, nasugua magurudumu mpaka kucha nyeusi tii, nikaona naonewa. Kumbe ndo shule yenyewe, manake ukiwa unafuta ndo unakutana na boliti imelegea, ufa mwembamba, kikombe cha oili kikavu. Enzi zile injini zinapiga kazi kila siku watu walianzia hapo hapo, usafi, halafu kuchochea moto, udereva ulikuja baada ya miaka mingi.

Sasa maji. Kabla hujawasha kiberiti angalia kioo cha maji, kile kibomba kinachoonyesha maji yamefika wapi ndani ya boila, yaani tangi la kuchemshia maji, na usikiangalie tu, kipulize, yaani fungua koki yake maji yatoke halafu funga uone yanarudi yenyewe, njia yake ikiziba kitakuonyesha maji ambayo hayapo. Juu ya chumba cha moto kuna bati ambalo lazima lifunikwe na maji muda wote, likibaki wazi linalainika, presha inalibonyeza, na hapo boila inaweza kulipuka. Kuna plagi yenye madini ya risasi imewekwa pale iyeyuke kabla ya balaa, ila ukisubiri plagi ndo ikwambie ushachelewa. Mi ilinikuta tunamaliza kupanda kilima, kioo chini kidogo ya nusu, nikajiona niko poa, tukaanza kushuka maji yote yakakimbilia mbele kioo kikabaki kitupu. Dereva hakusema neno, akafungua injekta, kifaa cha kusukuma maji kwenye boila, mwenyewe, akanitazama. Lile jicho silisahau.

Moto ni kidogo kidogo, mara kwa mara. Moshi mweusi watu wanaupiga picha lakini ni makaa yako yanapaa bila kuungua vizuri. Halafu dereva akitaka kufunga regyuleta, valvu inayopeleka mvuke kwenye injini, we fungua blowa kwanza, ule mvuke unaovuta moshi kwenda kwenye bomba la moshi, la sivyo moto unarudi mlangoni kwenu, na kwenye handaki ndo mbaya zaidi. Asubuhi pia usiharakishe presha, boila ya baridi inataka masaa, chuma kikipashwa vibaya mabomba yanaanza kuvuja.

Mkilalamika mgongo kumbukeni Flying Scotsman, injini maarufu ya Uingereza, 1928 ilitoka London mpaka Edinburgh bila kusimama, kilomita kama 631, tenda, lile behewa la makaa na maji nyuma ya injini, imebeba tani 9 za makaa na ina kiujia ndani, katikati ya safari dereva na mchochea moto wapya wanapita humo kuwapokea wenzao treni inakimbia, maji wanayachota kwenye mifereji katikati ya reli. Injini yenyewe ilitengenezwa Doncaster 1923, ikaondolewa kazini 1963, na boila imebadilishwa mara kadhaa, kwa hiyo mtu akikuuliza injini ina miaka mingapi muulize kwanza kipande kipi.

Siku ya kuosha boila njooni na nguo mbovu, magamba ya chokaa yanayotoka mle ndani hayatoki kwenye shati, na msifungue plagi yoyote ya kuoshea boila ikiwa bado ya moto, hata kama bosi ana haraka.